Kamba ya Gustave na Tairi Lililobaki Zima

Karatasi ile ya taarifa ya ajali ina mistari sita na mhuri wa ushirika, na mstari wa nne unasema: "Tairi lililopasuka ni lile lililofungwa na fundi mkimbizi asiye na cheti, tairi jipya lililonunuliwa na ushirika limekutwa zima."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko ninavyosoma Zaburi. Hakuna neno ndani yake lisilo la kweli. Tairi lililopasuka lilifungwa na Gustave. Cheti hana. Na lile jipya lilikutwa zima, hata vinyweleo vyake vya kiwandani havijaisha kusagika. Kwa maneno hayo ya kweli, mtu amesingiziwa kifo cha mke wake.

Karatasi ilisomwa mbele yetu sisi wanachama wa ushirika wa wauza samaki, hapa Nchelenge, siku tisa baada ya mazishi. Gustave alisimama mlangoni, kofia mkononi. Msomaji alipomaliza, aliomba kusema. Mwenyekiti wetu, Ba Bwembya, alimjibu kwa upole uliouma kuliko tusi.

"Pole sana, Ba Gustave. Pole, mune, ndugu yangu. Lakini hapa wanasema wanachama. Mwanachama alikuwa Mama Marthe."

Basi mwanachama alikuwa amekufa, na kwa kuwa amekufa nyumba yake haikuwa na sauti. Gustave alivaa kofia, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Nami sikumfuata, na kwa sababu hiyo naandika.

Nani huyu Gustave? Ni Mkongo wa Pweto, ng'ambo ya ziwa. Huko alifanya kazi miaka kumi na minne katika uwanja wa malori, na kazi yake ilikuwa moja tu: matairi. Mwaka 2017 vita vilipofika mitaani kwao alivuka kwa mtumbwi pamoja na Marthe na binti yao Chouchou, wakapokelewa kituo cha muda cha Kenani, kisha wakapelekwa kambi ya Mantapala, wakapewa shamba. Marthe alilima, akaanza kununua chisense, wale dagaa wadogo tunaowaanika mchangani, akawa mwanachama wetu. Gustave alipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akaweka pampu, nyundo na beseni la maji kando ya barabara. Mwezi wa kwanza aliziba mipira ya baiskeli zinazobeba samaki kwenda bara. Mwaka wa pili madereva wa malori walianza kumtafuta wenyewe.

Walimtafuta kwa sababu alisoma tairi kama karani anavyosoma cheti cha ubatizo. Alichuchumaa, akapangusa ubavu wake kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akafuata maandishi kwa kidole.

"Mutu anauza pneu atakuambia ile anapenda," alikuwa akisema, maana Wakongo tairi huliita pneu. "Pneu yenyewe haina bongo, haisemi uongo. Jina yake iko hapa. Nguvu yake iko hapa. Mwaka ya kuzaliwa iko hapa. Juu ya nini uulize muuzaji?"

Lori la ushirika ni Canter ya magurudumu sita, mawili mbele na manne nyuma, yaani jozi moja kila upande. Tairi lake ni 7.50R16. Gustave alitufundisha bila kuombwa. Saba na nusu ni upana kwa inchi. Herufi R ni namna nyuzi zilivyolazwa ndani. Kumi na sita ni kipimo cha rimu, tundu ambamo chuma kinaingia. Mbele kidogo zipo namba mbili zilizokatwa kwa mstari, 122 na 118, na hizo ndizo namba za mzigo: ya kwanza kwa tairi linalotembea peke yake, ya pili kwa tairi lililo katika jozi. Hiyo 118 ni kilo elfu moja mia tatu na ishirini. Jozi ikibeba sawasawa inafika tani mbili na nusu na zaidi. Tairi moja halifiki hapo, hata likiwa limetoka kiwandani jana.

Alikuwa pia na kamba. Uzi wa wavu tu, mwembamba, mweupe, ambao Marthe alimkatia kutoka katika wavu uliochakaa. Kila alipofunga tairi la nyuma alimwita mtu ashike ncha moja upande wa kulia wa lori, yeye akashika nyingine kushoto, wakaivuta ikakaza juu ya mgongo wa matairi yote manne.

"Kamba lazima ibusu zote ine," alisema, naye lori huliita kamyo. "Ikiruka moja, kamyo haitoke."

Akimaliza, aliandika kwa rangi nyeupe kwenye rimu: 7.50, na herufi G. Alama hiyo ndiyo waliyoiona baadaye, wakafurahi.

Mwisho wa Novemba mwaka jana tairi la ndani, jozi ya kushoto, lilikatwa na chuma huko Chienge. Siku zilikuwa mbaya. Jumatatu ziwa lingefungwa kwa miezi mitatu ya mazalio, mvua zilikwisha kuanza kupiga mchanga, na kila mama alikuwa na magunia ambayo yasipofika Mansa Jumamosi hiyo yangeoza au yangekutwa barabarani na maswali. Ba Bwembya alikwenda sokoni na Gustave kutafuta tairi. Nilikwenda nao, kwa kuwa nilikuwa katika kamati.

Muuzaji alikuwa na matairi matatu. La kwanza lilikuwa 7.50R16, jeusi linalong'aa. Gustave alilipangusa, rangi ikabaki kwenye kitambaa. Akaingiza ukucha katika mifereji yake.

"Huyu amechongwa na kisu ya moto. Mifereji si yake. Na angalia hapa: nne sifuri, moja moja. Amezaliwa wiki ya makumi ine, mwaka wa kumi na moja. Ni muzee, wamemupaka dawa ya nywele."

Muuzaji mwenyewe alicheka. La pili lilikuwa 8.25R16, pana na refu kupita yote. Gustave alilipita kama mtu anavyompita mgeni. La tatu lilikuwa jipya kabisa, na Ba Bwembya alikwisha kulipenda. Alilipigapiga kama anavyopiga ubavu wa ng'ombe.

"Kumi na sita. Rimu yetu ni kumi na sita. Unataka nini tena, Ba Gustave?"

"Kumi na sita ni tundu tu, Ba Cheyamani," Gustave akamjibu mwenyekiti. "Ni sawa vile mulango. Nyumba mbili zinaweza kuwa na mulango ya kipimo moja, na moja iko kubwa kupita ingine. Soma mbele: saba, nukta, sifuri, sifuri. Yetu ni saba na nusu."

"Nusu inchi." Ba Bwembya alitugeukia sote. "Mumemusikia? Mizigo ya bamayo, mama zetu bote, inalala juu ya nusu inchi."

"Nusu inchi ya upana inapunguza na urefu. Donc, basi, hii ni fupi. Utaifunga pamoja na murefu, jozi moja. Batu babili banabeba mutumbwi bega kwa bega, moja murefu, moja mufupi. Muzigo unalala kwa nani?"

"Kwa mufupi. Mimi ndiye mufupi hapa, na byote nalipa mimi."

Tulicheka. Gustave naye alitabasamu, lakini hakuachia neno lake.

"Kwa murefu, Ba Cheyamani. Mufupi anatembea tu, anapiga miluzi."

Lazima nieleze kosa hili lilitoka wapi, maana Ba Bwembya si mjinga, na sitaki asomwe kama mjinga. Kwetu mtu akinunua wavu huuliza namba moja: inchi za tundu. Inchi mbili, inchi tatu, basi. Unene wa uzi hauulizwi dukani. Utajulikana majini, na ukikatika, hasara ni ya wavu mmoja na samaki wachache. Ba Bwembya amenunua nyavu miaka thelathini kwa namba moja. Siku ile alinunua tairi kama anavyonunua wavu. Kosa lake la kwanza lilikuwa la mtu wa ziwa, na kosa la namna hiyo husameheka. Ninalolalamikia ni kwamba aliambiwa.

Aliambiwa zaidi ya mara moja. Gustave alisema yuko mtu Mansa mwenye 7.50R16 ya namba 118, ingefika Jumatano. Ba Bwembya akasema Jumatano ziwa litakuwa limefungwa. Gustave akasema basi magunia yapungue nusu na akina mama wapande basi. Ba Bwembya akasema akina mama hawajawahi kuacha magunia yao yasafiri peke yake, na hilo lilikuwa kweli.

"Basi mi sifunge," Gustave akasema.

"Hautafunga wewe. Kuna mikono mingi Nchelenge."

Tairi lile fupi lilinunuliwa, likafungwa na mkono mwingine, ndani, kando ya tairi la nje ambalo Gustave alikuwa amelifunga mwezi wa nane na kuliandika kwa rangi yake.

Jumamosi asubuhi lori lilipakia Kabuta. Magunia yalipangwa hadi juu ya vyuma, na juu ya magunia tukakaa sisi: akina mama kumi na mmoja na mimi. Jairos, dereva, alikuwa ameanza kupasha injini. Gustave alifika kwa baiskeli, jasho limemlowesha shati, kamba imezungushwa shingoni.

"Mama Chouchou," alimwita mke wake kutoka chini. "Shuka, unishikie ncha."

Marthe alishuka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na alijua kazi ile kuliko sisi sote. Alishika ncha kulia, Gustave akashika kushoto, wakaivuta kamba nyuma ya lori. Ikalala juu ya tairi la kulia la nje, la kulia la ndani, ikapita hewani, ikalala juu ya la kushoto la nje. Gustave aliingiza kidole chake katikati ya kamba na tairi jipya. Kidole kikapita, kikachezacheza.

"Angalieni," alisema. "Bamama, angalieni kidole yangu."

Febby, aliyeuza samaki kando ya Marthe na kumpenda kama dada, alimjibu kutoka juu ya magunia.

"Ba Gustave, unapimia kamyo nguo ya Krismasi? Usisahau mukono murefu."

Akina mama waliangua kicheko. Nilicheka nami. Ba Bwembya alitoa kichwa dirishani.

"Anayeamini kamba ashuke na magunia yake. Anayeamini Mungu akae. Tunaenda."

Hapo kila mmoja wetu alikuwa na nafasi yake. Ilitosha watano tushuke, na lori lisingeondoka. Niliangalia magunia yangu. Nadhani kila mmoja aliangalia yake.

Gustave alimsogelea mke wake, akasema kwa sauti ambayo hakutaka tuisikie, lakini injini ilikuwa imepunguza mlio na tulisikia.

"Wewe ubaki."

"Magunia kumi na moja, baba Chouchou. Ni kazi ya tangu mwezi wa sita."

"Yaoze."

"Nikibaki mimi peke, batasema ni juu uko bwana yangu. Kesho nani atakuamini? Bakishuka bote, nami nashuka." Akatuangalia juu, uso baada ya uso. Alipoona kwamba hakuna anayejongea, akamwekea ncha ya kamba mkononi. "Kamata kamba yako. Umesema. Mungu amesikia."

Akapanda. Nafasi yake ya kwanza ilikuwa imekaliwa, hivyo akakaa kushoto, nyuma, juu ya gurudumu lile.

Lori lilivuta kushoto tangu mwanzo. Jairos alisema baadaye kwamba karibu na Mwansabombwe alisikia harufu ya mpira unaoungua na akataka kusimama, akaambiwa na mwenyekiti wafike kwanza. Ushuhuda wake haumo katika mistari sita. Sikumbuki mlio. Nakumbuka upande wetu ukikaa chini, taratibu, kama mtu anayepiga goti, kisha mbingu ikazunguka. Febby alivunjika mkono. Mimi nilipata michubuko. Marthe alikuwa chini ya magunia yake mwenyewe, na tulipoyaondoa yote kumi na moja alikuwa ameshafariki, chisense wamejaa katika nywele zake.

Gustave alifika alasiri kwa pikipiki ya mtu. Walikuwa wamemlaza Marthe kivulini na kumfunika kitenge. Alikaa kando yake muda mrefu, akitoa samaki katika nywele, mmoja mmoja, akiwaweka katika kofia yake. Kisha aliinuka akaenda kwenye gurudumu. Tairi lake la 7.50 lilikuwa vipande, ubavu umefumuka, nyuzi zimetoka nje. Kando yake lile fupi limesimama, safi, limejaa upepo.

Aliweka kiganja juu yake.

"Huyu alikuwa anatembea tu," alisema.

Ba Bwembya alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Alisikia. Nilimwona akiinamisha macho, na kwa muda ule niliamini kwamba angesema ukweli. Pengine yeye pia aliamini hivyo. Lakini walifika watu wa kuandika taarifa ya ajali, wakauliza tairi gani limepasuka, wakaona alama ya rangi nyeupe, wakauliza G ni nani. Na mtu aliyepewa mlango wa kutokea ni vigumu asipite.

Tangu karatasi ile, ruhusa ya Gustave ya kutoka Mantapala haijatolewa upya. Pampu na beseni lake vimehifadhiwa, wanasema, kwa usalama. Madereva wanapeleka matairi yao kwa mikono mingine, na hakuna anayevuta kamba. Chouchou, mwenye miaka kumi na minne, aliulizwa shuleni na mwenzake kama ni kweli baba yake alimuua mama yake kwa kutojua kazi. Alirudi nyumbani akamuuliza baba.

Nilikwenda kuwaona mwezi wa pili. Gustave alikuwa akipalilia mihogo katika shamba ambalo zamani lilikuwa la Marthe. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha kwa kucheka. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari.

"Kucheka si kitu," akasema. "Bote banacheka. Mi nilifanya kosa moja, unajua? Nilimupa kamba ashike. Kama sikumuita kushuka, alikuwa na nafasi yake ya katikati. Alikalia kushoto sababu yangu."

Nilitafuta neno la kumwambia kwamba si kosa lake, na kila neno lilikuwa dogo. Kamba ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyumbani kwake, nje ya mlango, juu ya kitenge cha Marthe.

Naiambia kamati ya ushirika wetu, ambayo mimi pia ni mmoja wake: futeni mstari wa nne. Andikeni kwamba fundi Gustave alikataa, alieleza sababu, alipima mbele ya watu kumi na wawili, na hatukushuka. Andikeni maneno ya Jairos kuhusu harufu. Nikiitwa kutia sahihi chini ya maneno hayo, nitatia ya kwanza, na Febby amesema atatia kwa mkono wa kushoto.

Nawaambia wanaotoa ruhusa za kutoka kambini: mlimnyima mtu kazi kwa karatasi ambayo hakuruhusiwa kuijibu. Mpeni karatasi yake ya ruhusa, na pampu yake, na beseni lake. Na lori lolote linalopandisha watu juu ya magunia lisiondoke Kabuta, wala Chienge, wala hapa Nchelenge, kabla kamba haijavutwa nyuma yake mbele ya macho ya wenye magunia.

Nawe, Ba Bwembya, nakuambia kwa jina, kwa kuwa tumekula meza moja miaka mingi. Tairi lako zima bado liko kwenye ghala la ushirika. Lipakie. Lipeleke Mantapala pamoja na moja la 7.50 kutoka upande wa kulia wa lori. Yasimamishe kando kwa kando mbele ya mlango wa yule mtu, na mbele ya Chouchou. Mwombe Gustave kamba yake. Shika ncha ile aliyokuwa akishika Marthe, ivute mpaka ikaze, uingize kidole chako katika nafasi utakayoiona. Kisha omba kalamu.